Kibebeo Nacho ni Sehemu ya Jaribio: Uteuzi wa Michanganyiko ya Dawa katika Tafiti za Famakokinetiki kwa Wanyama

Ikisiri

Ripoti nyingi za tafiti za dawa kwa wanyama hutaja dozi, aina ya mnyama na saa za kutoa damu, lakini hupita juujuu kuhusu kiowevu kilichoibeba dawa hadi ndani ya mwili. Makala haya yanaeleza kwamba kiowevu hicho, kinachoitwa humu kibebeo, kinaweza kuiua molekuli njema kabla haijajulikana au kuifanya molekuli mbovu ionekane salama. Yanajadili hesabu za msingi zinazotangulia uteuzi wa kibebeo, tofauti kati ya maswali ya mwanzo na ya baadaye katika uendelezaji wa dawa, athari za kibebeo chenyewe, na tofauti za tumbo la mnyama na la binadamu. Mifano mikuu imechukuliwa kutoka dawa za malale na malaria, maradhi yanayolihusu moja kwa moja eneo la Maziwa Makuu. Mwishoni yanapendekeza mambo ambayo kamati za maadili na mamlaka za dawa zinapaswa kuyadai katika maandiko ya utafiti.

Maneno muhimu: famakokinetiki, kibebeo, myeyusho, mtawanyo, malale

Utangulizi

Kwa zaidi ya nusu karne, mgonjwa wa malale aliyefikia hatua ya pili, pale vimelea vinapokuwa vimeingia katika ubongo, alikuwa akitibiwa kwa melasoproli. Dawa hiyo yenye asili ya aseniki iligunduliwa na Ernst Friedheim mwaka 1949. Kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji, iliandaliwa katika propilini glikoli na kudungwa mshipani. Wahudumu wa vituo vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda waliijua kwa mambo mawili kabla ya yote: iliunguza mshipa wa mgonjwa, na ilihitaji bomba la sindano la kioo, kwa sababu kibebeo chake kiliweza kuharibu bomba la plastiki. Madhara yake makubwa zaidi yalitokana na dawa yenyewe. Kati ya wagonjwa 100 waliotibiwa, 5 hadi 10 walipatwa na athari kali za ubongo, na takriban nusu ya hao walifariki.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazo lake ni rahisi kulieleza. Waliichukua melasoproli ileile na kuifungia ndani ya saiklodekstrini, aina ya sukari ambayo molekuli zake zina umbo la pete: ndani ya pete hukaa dawa isiyopenda maji, na nje ya pete hupenda maji. Mchanganyiko huo ulitolewa kwa mdomo kwa panya wadogo wa maabara waliokuwa na maambukizi yaliyofika ubongoni, na baada ya siku saba za matibabu panya hao waliponywa. Molekuli haikuwa imebadilika tangu enzi za Friedheim. Kilichobadilika ni kibebeo, na pamoja nacho njia ya kuingizia dawa mwilini.

Melasoproli ya kumeza haikufika kuwa tiba ya kawaida hospitalini. Nafasi hiyo ilichukuliwa na feksinidazoli, iliyoidhinishwa Kongo mwishoni mwa mwaka 2018. Hata hivyo, jaribio la Glasgow linaibua swali ambalo ndilo msingi wa makala haya: ni molekuli ngapi zilizotupwa katika hatua ya wanyama si kwa sababu hazifai, bali kwa sababu zilibebwa vibaya? Kwa maradhi ambayo wafadhili wake ni wachache na wagonjwa wake ni maskini, molekuli iliyotupwa kimakosa huenda isipate nafasi ya pili. Feksinidazoli yenyewe ilikuwa imeachwa kabatini tangu miaka ya 1980 kabla ya kufufuliwa na shirika la DNDi.

Hesabu inayotangulia kiyeyushi

Famakokinetiki ni elimu ya safari ya dawa mwilini: jinsi inavyofyonzwa, inavyosambazwa, inavyobadilishwa na inavyotolewa. Katika jaribio la kawaida, kundi moja la wanyama hupewa dawa kwa mdomo na jingine hudungwa mshipani. Damu hutolewa kwa saa zilizopangwa na kiasi cha dawa katika plazima hupimwa. Eneo lililo chini ya mchoro wa viwango hivyo, baada ya kurekebishwa kulingana na dozi, hulinganishwa kati ya makundi mawili. Uwiano wake huonyesha ni sehemu gani ya dawa iliyomezwa ilifika katika damu.

Kabla ya kuchagua kibebeo, mtafiti hana budi kufanya hesabu ndogo ambayo mara nyingi husahaulika. Ujazo ambao mnyama anaweza kupewa una kikomo. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, ambao bado unatumiwa sana, unapendekeza mililita 10 kwa kila kilo ya uzito kwa dawa anazomezeshwa panya, na mililita 5 kwa kilo anapodungwa mshipani kwa mara moja. Kwa mbwa, kiwango cha mshipani ni mililita 2.5 kwa kilo. Panya wa gramu 250, kwa hiyo, atapokea mililita 2.5 mdomoni au mililita 1.25 mshipani, basi.

Tuseme dawa mpya huyeyuka katika maji kwa kiwango cha mikrogramu 5 tu kwa mililita. Kwa ujazo wa mililita 5 kwa kilo, dozi kubwa kabisa inayoweza kudungwa ikiwa imeyeyuka ni mikrogramu 25 kwa kilo. Mtafiti akitaka miligramu 1 kwa kilo, anahitaji mikrogramu 200 katika kila mililita, yaani mara 40 ya kile ambacho maji yanaweza kubeba. Hesabu hii ya mstari mmoja ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Tena hufundisha jambo la kiasi: dozi ya mshipani haihitaji kuwa kubwa, ila inapaswa kutosha mashine ya upimaji kuiona dawa hadi saa ya mwisho ya kutoa damu. Maabara yenye kipimo chenye uwezo mkubwa wa kutambua inaweza kupunguza dozi na hivyo kuepuka viyeyushi vikali. Hapa ubora wa mashine na ustawi wa mnyama vinakutana.

Njia za kuongeza uyeyukaji zinafahamika, na busara ni kuanza na iliyo pole. Ya kwanza ni kurekebisha kiwango cha asidi. Dawa nyingi ni besi dhaifu. Kila kiwango cha pH kinaposhuka kwa namba moja chini ya pKa ya dawa hiyo, uyeyukaji wake huongezeka kwa takriban mara kumi, hadi chumvi yake inapofika kikomo chake. Ya pili ni kuongeza viyeyushi vinavyochanganyika na maji, kama vile polietilini glikoli 400, propilini glikoli, ethanoli au DMSO. Ya tatu ni saiklodekstrini. Ya nne ni kemikali zenye tabia ya sabuni, kama polisobeti 80 na Cremophor EL, ambazo huifunika dawa ndani ya vifungu vidogo sana. Mara nyingi mbili au tatu kati ya hizi huunganishwa.

Tatizo ni kwamba chupa si damu. Dawa iliyoyeyuka vizuri katika pH 3 huingia ghafla katika damu yenye pH 7.4, na dawa iliyoshikiliwa na glikoli hujikuta imezimuliwa mara nyingi ndani ya sekunde chache. Ikiwa itageuka fuwele mshipani, chembe zake zaweza kunasa katika mishipa myembamba ya mapafu. Mnyama anaweza kudhurika, na hata asipodhurika takwimu zitapotoka: viwango vya dawa katika plazima vitaonekana vya chini, mwili utadhaniwa kuwa unaiondoa dawa kwa kasi, na kwa kuwa kipimo cha mshipani ndicho kigezo cha kulinganishia, ufyonzwaji kwa njia ya mdomo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Matokeo ya kumeza yanayozidi asilimia 100 ya dozi huwa na maelezo kadhaa, na hili ni mojawapo la kuchunguzwa mapema.

Kinga yake haihitaji mashine ya gharama. Matone machache ya myeyusho hudondoshwa katika neli ya kioo yenye plazima au maji ya chumvi yaliyowekwa katika pH ya damu, kisha hutazamwa dhidi ya mwanga mara moja na tena baada ya dakika kadhaa. Ukungu ukionekana, sindano isiguswe. Ni vigumu kuelewa kwa nini jaribio la dakika kumi, linalowezekana katika maabara yoyote ya chuo, halitajwi katika ripoti nyingi.

Swali la utafiti ndilo linaloamua

Mabishano mengi kuhusu kibebeo kilicho bora hutokana na kutotambua kwamba tafiti mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuuliza maswali tofauti. Katika hatua za mwanzo, mtafiti ana miligramu chache za molekuli kadhaa zinazoshindana, naye anataka kujua tabia ya molekuli zenyewe: je, zinapenya ukuta wa utumbo? Je, ini linaziharibu mara tu zinapopita? Kwa swali hili dawa inapaswa kutolewa ikiwa imeyeyuka kabisa. Myeyusho huondoa kikwazo cha uyeyukaji, hivyo kinachobaki kuonekana ni upenyaji na uharibifu.

Baadaye swali hubadilika. Molekuli imeshateuliwa, na sasa inaulizwa kama itafanya kazi ikiwa katika umbo ambalo mgonjwa atalitumia, kwa kawaida kidonge. Hapo myeyusho wa glikoli hauna tena jibu la kutoa, kwa sababu hakuna mgonjwa wa Kikwit au Soroti atakayemeza glikoli. Kinachofaa ni mtawanyo, ambamo chembe za dawa huelea katika kiowevu bila kuyeyuka, kama zile dawa za watoto ambazo chupa yake huandikwa kwamba itikiswe kabla ya kutumiwa. Mtawanyo uliozoeleka zaidi hutengenezwa kwa maji yenye takriban nusu asilimia ya methiliselulosi, inayoyafanya maji yawe mazito ili chembe zisizame, pamoja na polisobeti 80 kidogo ili chembe zilowane. Huiga, kwa kiasi fulani, kidonge kilichosambaratika tumboni.

Makosa hutokea pale swali moja linapojibiwa kwa kibebeo cha jingine. Molekuli ikitolewa kama mtawanyo mbaya katika hatua ya kwanza, na chembe zake zikiwa kubwa, haitaonekana katika damu. Itaandikwa kwamba haifyonzwi na itaachwa. Ukubwa wa chembe si jambo dogo: kipenyo kikipungua kutoka mikromita 10 hadi 1, eneo la nje la uzito uleule huongezeka mara kumi, na dawa huyeyuka kwa kasi zaidi. Kusaga vizuri pengine kungetosha kuiokoa. Kosa la upande wa pili huchelewa kuonekana, na gharama yake ni kubwa zaidi. Molekuli iliyopewa panya katika myeyusho wenye nguvu huonyesha viwango vya kupendeza, mradi unasonga mbele kwa miaka, kisha kidonge cha kwanza kikipewa binadamu, damu haina kitu.

Washauri wa sera wanapaswa kulipa uzito wa pekee suala la tafiti za sumu. Kanuni yake ni kupandisha dozi hatua kwa hatua, kwa mfano miligramu 10, kisha 100, kisha 1,000 kwa kilo, hadi madhara yaonekane. Dawa isiyoyeyuka ikitolewa kama mtawanyo hufika mahali ambapo utumbo hauwezi kuyeyusha zaidi. Dozi huongezeka mara kumi lakini kiwango katika damu hakiongezeki. Kinachobaki hutoka na kinyesi. Mnyama aliyepewa miligramu 1,000 bila kudhurika huenda mwili wake haukuonja zaidi ya kile alichoonja mwenzake wa miligramu 100. Ripoti ikisema dawa ni salama hata kwa dozi ya miligramu 1,000 bila kuonyesha vipimo vya damu, usalama huo ni wa karatasini. Anayesoma ripoti ya namna hiyo kwa niaba ya mamlaka ya dawa anapaswa kuangalia viwango vya plazima kabla ya kuangalia dozi.

Umbo la fuwele nalo lisisahauliwe. Mwaka 1998 vidonge vya ritonaviri, dawa ya UKIMWI, vililazimika kuondolewa sokoni kwa muda baada ya dawa hiyo kuanza kujitokeza katika aina nyingine ya fuwele isiyoyeyuka kwa urahisi. Molekuli ni ileile, lakini mpangilio wake ni mwingine. Unga wa kwanza kutoka kwa mkemia aghalabu hauna mpangilio kamili wa fuwele na huyeyuka upesi. Unga wa awamu ya tatu, uliosafishwa zaidi, unaweza kuwa mgumu. Mtafiti anayelinganisha majaribio ya awamu hizo mbili bila kujua tofauti hiyo atatafuta sababu kwa panya, ilhali sababu iko katika unga.

Kibebeo kisichonyamaza

Dhana kwamba kibebeo ni kitu kilichokaa kimya kando ya dawa imeshakanushwa mara nyingi, na mara nyingine kwa msiba. Mwaka 1937 nchini Marekani salfanilamaidi iliuzwa kama dawa ya maji iliyoyeyushwa katika diethilini glikoli, bila kufanyiwa majaribio ya sumu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Salfanilamaidi haikuwa na hatia; muuaji alikuwa kiyeyushi. Sheria ya dawa ya mwaka 1938 ya nchi hiyo ilizaliwa na tukio hilo. Kiyeyushi hichohicho, kikiwa sasa ni uchafu na si chaguo, kilionekana tena katika dawa za kikohozi za watoto nchini Gambia, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitolea tahadhari mwezi Oktoba 2022.

Katika maabara ya wanyama athari huwa za chini kuliko hizo, ila ni za kila siku. Cremophor EL na polisobeti 80 zikidungwa mbwa husababisha mwili wake kumwaga histamini: shinikizo la damu hushuka, ngozi huwasha na kuwa nyekundu. Mtafiti asiyejua hilo ataihukumu dawa yake kwa kosa la kibebeo. Kwa panya athari hiyo si kali, jambo linaloongeza mkanganyiko, kwani mchanganyiko uliopita salama katika aina moja ya mnyama hushindwa katika nyingine. Polietilini glikoli ikiwa nyingi huharakisha mwendo wa chakula utumboni, na dawa inayofyonzwa polepole hupitiliza kabla ya wakati wake. DMSO isiyozimuliwa inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Hata saiklodekstrini, inayosifiwa kwa upole wake, huchota kolesteroli, na katika dozi kubwa imeonekana kuharibu usikivu wa baadhi ya wanyama.

Kisa cha paklitakseli, dawa ya saratani, kinastahili kutazamwa kwa makini. Dawa hiyo iliingia hospitalini katika miaka ya 1990 ikiwa katika Cremophor EL. Wataalamu waliona kwamba dozi ikiongezeka kidogo, viwango katika plazima huongezeka kupita uwiano, na kwa muda ilidhaniwa kwamba vimeng'enya vya ini vinazidiwa. Majaribio ya panya yaliyotumia vibebeo tofauti yalionyesha kwamba mkosaji mkuu ni Cremophor EL, ambayo huishikilia dawa ndani ya vifungu vyake katika damu na kuizuia kwenda kwenye tishu. Kiwango cha plazima kilipanda, lakini dawa ilikuwa kifungoni. Bila kubadilisha kibebeo, jambo hilo lisingegunduliwa, hata kwa mashine bora kiasi gani.

Mfano ulio karibu zaidi na jiko la Afrika Mashariki ni wa manjano. Kiambata chake kikuu, kukumini, hufyonzwa vibaya sana. Mwaka 1998 watafiti nchini India walichapisha matokeo ya kukumini iliyotolewa pamoja na piperini, kiambata cha pilipili manga: kwa panya upatikanaji wake katika damu uliongezeka kwa asilimia 154, na kwa binadamu kwa asilimia 2,000. Asilimia hiyo ya pili huvutia macho, ingawa inafaa kukumbukwa kwamba kuzidisha mara nyingi kiwango kilicho karibu na sifuri bado hutoa kiwango kidogo. Kilicho muhimu zaidi ni pengo kati ya namba hizo mbili: panya hakuweza kutabiri binadamu.

Mfano huu unazihusu maabara za eneo hili kwa sababu nyingine. Sehemu kubwa ya majaribio ya wanyama katika vyuo vya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huhusu viziduo vya mimea, yaani kile kinachopatikana baada ya kuloweka au kuchemsha majani, mizizi au magome. Viziduo vingi haviyeyuki majini, hivyo huchanganywa na polisobeti 80 au DMSO. Wakati huohuo kiziduo ni mkusanyiko wa molekuli nyingi, na baadhi yake zinaweza kufanya kile ambacho piperini hufanya. Kundi la wanyama linalopewa maji matupu, basi, si mizani ya haki kwa kundi linalopewa kiziduo katika polisobeti. Lazima kuwe na kundi linalopewa kibebeo chenyewe, kwa ujazo uleule na kwa siku zilezile. Bila kundi hilo, haijulikani kilichowaponya au kuwadhuru wanyama.

Tumbo la panya na sahani ya mgonjwa

Panya mkubwa wa maabara hana kifuko cha nyongo; nyongo yake hutiririka utumboni wakati wote, iwe amekula au hajala. Binadamu huihifadhi na kuimwaga anapokula, hasa chakula chenye mafuta. Panya hawezi kutapika, kwa hiyo kibebeo kinachochafua tumbo kitapita bila dalili ambayo mbwa angeionyesha mara moja. Tena hula kinyesi chake, na kwa njia hiyo huweza kujipatia dozi ya pili ambayo haikuandikwa popote. Mbwa aliyefunga mara nyingi ana tumbo lenye asidi kidogo kuliko la binadamu, ndiyo maana baadhi ya maabara humpa kwanza pentagastrini ili kuliongezea asidi. Dawa iliyo besi dhaifu itayeyuka vizuri katika tumbo moja na vibaya katika jingine, bila mtafiti kukosea lolote katika kuitengeneza.

Kwa dawa zinazopenda mafuta, nyongo na chakula ni sehemu ya mchanganyiko. Lumefantrini, inayotumiwa pamoja na artemetheri kutibu malaria kotekote katika ukanda huu, ni kielelezo. Kwa watu wazima wenye afya, mlo wenye mafuta uliongeza upatikanaji wake mara 16 ukilinganisha na kumeza bila kula. Wa artemetheri uliongezeka zaidi ya mara mbili. Takwimu hiyo ingeweza kuleta hofu kwamba mgonjwa maskini asiyeweza kupata mlo wa namna hiyo hatapona. Utafiti uliofanywa Mbarara, magharibi mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wagonjwa waliomeza dawa nyumbani baada ya kupewa ushauri kuhusu chakula walipona kwa kiwango kinacholingana na cha wale waliosimamiwa kituoni. Hofu ilipungua kwa sababu swali liliulizwa katika mazingira ya mgonjwa mwenyewe.

Feksinidazoli nayo humezwa pamoja na chakula, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, kwa siku 10: kwa mtu wa kilo 35 au zaidi, miligramu 1,800 kila siku kwa siku nne na miligramu 1,200 kwa siku sita. Mwilini hugeuzwa kuwa viambata viwili, salfoksaidi na salfoni, ambavyo navyo vina uwezo wa kuua vimelea na hudumu katika damu kuliko dawa mama. Mtafiti ambaye angepima molekuli mama peke yake, kwa panya waliofunga, angepata picha finyu ya dawa ambayo leo humwepusha mgonjwa na sindano. Kwa dawa yoyote isiyoyeyuka kwa urahisi, makundi mawili ya wanyama, walioshiba na waliofunga, yanafaa kuwamo katika mpango tangu mapema.

Yanayopaswa kudaiwa na kamati za maadili

William Russell na Rex Burch walipoweka mwaka 1959 misingi mitatu ya utafiti wa wanyama, yaani kutafuta mbadala, kupunguza idadi na kupunguza mateso, hawakuhitaji kutaja kibebeo. Hata hivyo, jaribio linalorudiwa kwa sababu dawa ilizama chini ya chupa limevunja msingi wa pili, na lile linalotumia kiyeyushi kinachounguza mshipa limevunja wa tatu. Mwongozo wa ARRIVE, uliotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa 2020, unadai maelezo ya mchanganyiko wa dawa, dozi na njia ya kuitoa. Ni dai linalokubaliwa na majarida mengi na kutimizwa na waandishi wachache.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari zinashirikiana katika kuoanisha usajili wa dawa, na Kigali imechaguliwa kuwa makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika. Ushirikiano huo umejikita zaidi katika dawa zilizokamilika. Hatua ya wanyama imeachiwa kamati za maadili za vyuo, ambazo fomu zake huuliza idadi ya panya na namna watakavyouawa, lakini aghalabu huacha nafasi ya mstari mmoja kwa ajili ya kuelezea dawa yenyewe. Fomu hizo zingeweza kuoanishwa kwa gharama ndogo. Zitake asilimia ya kila kiambata cha kibebeo na pH yake. Zitake kutajwa kama ni myeyusho au mtawanyo, na sababu ya kuchagua hivyo kulingana na swali la utafiti. Ukubwa wa chembe na awamu ya unga uliotumika. Matokeo ya jaribio la kuzimua katika plazima, ikiwa dawa itadungwa. Kundi la wanyama wa kibebeo. Na kama wanyama walikuwa wamekula.

Jambo moja zaidi linapaswa kuwa la lazima, nalo ni kupima chupa. Siku ya jaribio, sampuli ndogo ichukuliwe kutoka juu ya chupa, katikati na chini, kabla ya kumpa dawa mnyama wa kwanza na tena baada ya wa mwisho, kisha ihifadhiwe katika baridi na kupimwa kwa mashine ileile itakayopima damu. Ikiwa daftari linasema miligramu 10 kwa mililita na chupa ina 6, dozi iliyoandikwa katika makala si ile waliyoipata wanyama, na hesabu zote zinazofuata zinapaswa kufanywa upya kwa namba ya chupa.